Somo la VVU Tulilowanyima Wagonjwa Wetu

Mtu amemeza dawa za kufubaza VVU kwa miaka minne bila kuruka. Amepimwa wingi wa virusi, mhudumu amemwambia havionekani tena kwenye damu yake. Anarudi nyumbani na furaha, halafu kwa siri ananunua kipimo cha kujipima mwenyewe, na mistari miwili inajitokeza kama siku ile ya kwanza. Jibu la kweli ni lipi? Na kama virusi havionekani, kidonge cha usiku wa leo kina kazi gani?

Maswali ya namna hii hayaishi kwenye kliniki za CTC, zile zinazowahudumia wenye VVU. Mara nyingi anayeuliza hupewa agizo: usiache dawa, ukiacha utaumwa. Agizo hilo ni sahihi kabisa, ila agizo lisilo na sababu huishiwa nguvu kadiri mtu anavyojisikia mzima, na wagonjwa wetu wengi leo wanajisikia wazima. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2022/23 ulionyesha kwamba kati ya kila watu wazima 100 wanaotumia dawa, takriban 94 virusi vyao vimefubazwa. Kwa nchi iliyoanza kutoa dawa hizi bure mwaka 2004, baada ya miongo miwili ya kuzika, hayo ni mafanikio ya kujivunia. Lakini yamebadilisha aina ya kazi iliyobaki. Zamani tulitaka mtu aogope kuambukizwa. Sasa tunataka mtu asiye na dalili hata moja, mwenye nguvu zake shambani au ofisini, ameze kidonge kila siku kwa miaka 40 ijayo. Woga hauiwezi kazi hiyo. Inawezwa na uelewa, na uelewa wenyewe unategemea hatua moja tu katika maisha ya kirusi, hatua ambayo kwenye mabango, vipeperushi na vipindi vyetu vya redio nimeikuta mara chache mno.

Virusi vya mafua huingia kwenye seli, vikajinakili, vikatoka kutafuta seli nyingine. Kinga ya mwili ikishavishinda, havibaki. Retrovirusi, ukoo ambamo VVU vimo, hufanya jambo jingine. Taarifa zake za urithi zimeandikwa kwa RNA, kemikali iliyo ndugu wa DNA inayobeba urithi wetu, lakini kikishaingia ndani ya seli kirusi huigeuza RNA hiyo kuwa DNA, kisha huipachika DNA hiyo katikati ya DNA ya mtu. Kuanzia hapo, seli ile haina mwili wa kigeni ndani yake wa kuutoa. Ina kipande cha ziada katika kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba DNA, kilichoungwa barabara kama vipande vingine vyote.

Wazo hili lilichukua muda kukubalika hata kwa wanasayansi wenyewe. Mwaka 1911 Peyton Rous wa Marekani alionyesha kwamba aina fulani ya saratani ya kuku huambukizwa na kitu kidogo kuliko bakteria. Zaidi ya miaka 50 baadaye, Howard Temin wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, akikichunguza kirusi hicho hicho, alidai kwamba kirusi cha RNA lazima kipitie hatua ya kuwa DNA. Wakati huo walimu walifundisha kwamba taarifa za urithi husafiri kutoka DNA kwenda RNA, na wenzake wengi hawakumsikiliza kwa miaka kadhaa. Juni 1970, Temin na Satoshi Mizutani kwa upande wao, na David Baltimore akiwa chuo cha MIT kwa upande wake, walichapisha katika toleo moja la jarida la Nature ushahidi wa kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia, kinachofanya unukuzi huo wa kinyume wa RNA kuwa DNA. Mwaka 1975 Temin na Baltimore walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Renato Dulbecco.

Ugunduzi huo wa kuku ulikuja kutuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1983, wakati wagonjwa wa kwanza walipokuwa wakitambuliwa Kagera na watu wakiuita ugonjwa ule Juliana, Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walikuwa wakichunguza tezi ya mgonjwa mmoja. Walijua wamekutana na retrovirusi kwa sababu walikikuta kimeng'enya kile cha Temin na Baltimore kikifanya kazi kwenye sampuli yao. Kama mtu asingehangaika na uvimbe wa kuku, maabara zisingekuwa na kitu cha kutafuta. Wanaouliza utafiti usio na faida ya papo kwa papo unalipa nini, hili ndilo jibu langu kwao.

Sasa tuifuate safari yenyewe. Kirusi hushika protini iitwayo CD4 juu ya seli nyeupe za kinga, kisha protini ya pili, mara nyingi CCR5, halafu utando wake unaungana na utando wa seli. Kinachoingia ndani ni gamba dogo lenye nakala mbili za RNA na vimeng'enya vyake. Vitabu vingi vya shule na vyuo bado vinasema gamba hilo hufunguka mara tu linapoingia. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha vinginevyo: gamba husafiri likiwa karibu zima, hupenya matundu ya kiini cha seli, na unukuzi wa RNA kuwa DNA hukamilika ndani ya kiini. Jambo hili lina uzito wake, nitalirudia.

Ndani ya kiini, kimeng'enya kingine kiitwacho integresi huikata kromosomu ya mtu na kuipachika DNA ya kirusi mahali pale. VVU hupenda kujipachika katika sehemu za DNA zinazotumika sana. Kipande chote ni kama herufi 9,700, ndani ya urithi wa binadamu wenye herufi zaidi ya bilioni 3. Seli ikisoma DNA yake ili itengeneze protini zake, inasoma na kile kipande. Inatoa RNA mpya za kirusi na protini zake, vyote vinakusanyika chini ya utando wa seli, vinachomoza nje vikiwa virusi vichanga, kisha kimeng'enya cha tatu, protiesi, kinazikatakata protini hizo ili kirusi kikomae na kiweze kuambukiza.

Kwa mtu asiyetumia dawa kazi hii hufanyika kwa kasi ya kutisha. Watafiti katikati ya miaka ya 1990 walikadiria kwamba mwili mmoja hutoa virusi vipatavyo bilioni 10 kwa siku, na seli inayovitengeneza huishi siku mbili hivi tu. Unukuzi wa kinyume nao hukosea: kosa moja katika kila herufi 10,000 hadi 100,000, na hakuna wa kusahihisha. Zidisha makosa hayo kwa mabilioni ya nakala, utaelewa kwa nini dawa ya kwanza, AZT, iliyoidhinishwa mwaka 1987, ilisaidia kwa muda kisha ikashindwa. Kati ya virusi bilioni 10 vya leo, kuna vilivyokosewa kwa namna ambayo dawa moja haiviwezi. Kuanzia mwaka 1996 tiba ikawa ni mchanganyiko wa dawa tatu, kwa sababu ni vigumu mno kwa nakala moja kukosewa kwa bahati katika sehemu zote tatu kwa wakati mmoja. Usugu wa dawa hauna siri nyingine zaidi ya hesabu hii. Anayeruka dawa siku tatu, akameza mbili, akaruka tena wiki, anavipa virusi nafasi ya kunakiliwa huku dawa ikiwa mwilini kwa kiasi kidogo, na hapo ndipo nakala sugu zinapochujwa na kubaki.

Kidonge wanachomeza wagonjwa wengi wa Tanzania na Kenya leo ni TLD, chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mbili za kwanza zinakwamisha unukuzi wa RNA kuwa DNA. Ya tatu inaifunga integresi ili DNA ya kirusi isipachikwe. Ukisoma sentensi hizo mbili kwa makini utaona kitu ambacho wagonjwa hawaambiwi: zote tatu zinazilinda seli ambazo hazijaingiliwa. Hakuna hata moja inayokigusa kipande kilichokwisha kupachikwa. Dawa za kuzuia protiesi, wanazopewa baadhi ya wagonjwa wa mstari wa pili, yaani ambao dawa za kwanza zimeshindwa, nazo zinaharibu virusi vinavyotoka. Kilichomo kwenye kromosomu kinabaki kama kilivyo.

Seli nyingi zilizoambukizwa hufa haraka. Lakini kundi dogo la seli za kinga, zile zinazotunza kumbukumbu ya magonjwa tuliyowahi kuugua, huambukizwa zikiwa zinaelekea kupumzika. Zinalala, na kirusi kinalala ndani yake. Hakitoi RNA wala protini, kwa hiyo kinga haikioni na dawa haina cha kuzuia. Mwaka 1997 makundi matatu ya watafiti Marekani, mojawapo likiongozwa na Robert Siliciano, yalizikuta seli hizi kwa watu ambao virusi vilikuwa havionekani kwenye damu yao. Ni chache, takriban moja katika kila milioni ya seli za CD4 zilizopumzika. Walipofuatilia kasi ya kupungua kwake, walikuta maficho haya huchukua miezi ipatayo 44 kupungua kwa nusu. Kwa kasi hiyo, kuyamaliza kwa dawa peke yake kungechukua zaidi ya miaka 70. Baadaye, mwaka 2014, ikathibitika kwamba seli hizo zinaweza hata kuongezeka zenyewe: seli moja ikigawanyika kuwa mbili, hunakili DNA yake yote pamoja na kipande cha kirusi, bila kirusi kuhitaji kufanya kazi yoyote.

Mkulima anayelijua gugu la ndago ataelewa haraka kuliko daktari. Unapalilia, shamba linakuwa safi, mahindi yanapumua, na aliyepita barabarani hawezi kuamini kwamba palikuwa na magugu. Vitunguu vya ndago vimo ardhini. Acha kupalilia, mvua ikinyesha utaviona.

Na vinaonekana haraka. Kwa watu wengi wanaoacha dawa, virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki mbili hadi nne. Utafiti mkubwa ulioitwa SMART, ulioshirikisha zaidi ya watu 5,400, ulijaribu kuwapumzisha wagonjwa dawa pale idadi ya seli zao za kinga zenye CD4 inapokuwa juu. Ulisimamishwa Januari 2006 kwa sababu waliopumzishwa waliugua na kufa zaidi, na si kwa magonjwa nyemelezi tu. Hata ya moyo, figo na ini yaliongezeka. Kuna pia yule mtoto wa Mississippi, Marekani, aliyezaliwa mwaka 2010 na kuanzishiwa dawa akiwa na saa 30 hivi. Dawa zilikatishwa akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, na kwa miezi 27 virusi havikuonekana. Dunia nzima ilishangilia. Julai 2014 ikatangazwa kwamba virusi vimerudi. Seli iliyokuwa imelala zaidi ya miaka miwili ilikuwa imeamka.

Waliopona kweli ni wachache wa kuhesabika. Timothy Ray Brown, aliyetibiwa Berlin, alipandikizwa uboho mara mbili, mwaka 2007 na 2008, kwa ajili ya saratani ya damu. Mtoaji alikuwa na mabadiliko ya kinasaba yanayoifanya seli ikose CCR5 juu yake, hivyo seli mpya za kinga hazikuweza kuingiliwa. VVU havikurudi tena hadi saratani ilipomuua Septemba 2020. Adam Castillejo wa London alifuata njia hiyo hiyo. Lakini ili kupona hivyo, kinga yote ya mwili ilibidi iangamizwe kwanza na kujengwa upya kwa seli za mtu mwingine, tiba ambayo yenyewe inaua watu wengi kiasi kwamba hakuna daktari mwenye dhamiri atakayempa mtu anayeishi vizuri kwa TLD.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu ndiyo kinga bora ninayoijua dhidi ya wauza tiba. Mwaka 1990 Kenya ilitangaza Kemron, dawa ya kumung'unywa yenye interferoni kwa kiasi kidogo, kwa shangwe iliyofika hadi Ikulu, na ikadaiwa kwamba baadhi ya wagonjwa vipimo vyao vimegeuka hasi. Majaribio yaliyosimamiwa baadaye na Shirika la Afya Duniani hayakuona faida yoyote. Mwaka 2011 ikawa zamu yetu: maelfu kwa maelfu walipanga foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500, na miongoni mwao wamo walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Siwacheki hata mmoja wao. Mtu aliyekuwa anameza dawa anapanda Samunge akijisikia mzima, anashuka akijisikia mzima, na CD4 zake zitabaki juu kwa muda. Kwa macho yake, kikombe kimefanya kazi. Hakuna aliyewahi kumwambia aulize swali ambalo lingevunja dai lile papo hapo: je, dawa hii inakiondoaje kipande kilichomo ndani ya DNA ya seli zangu zilizolala? Anayedai tiba na hawezi kulijibu swali hilo hajakutana na tatizo lenyewe.

Biolojia hiyo hiyo inalijibu swali la yule mwenye mistari miwili. Kipimo cha wingi wa virusi hutafuta RNA ya virusi vinavyoelea kwenye damu. Dawa ikifanya kazi, RNA hiyo hushuka chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kugundua, na kwa hiyo hakuna virusi vya kutosha kumwambukiza mwenza kwa kujamiiana. Hili limethibitishwa na tafiti za maelfu ya wenza, ukiwemo ule uliotoa matokeo mwaka 2011 na ambao Kisumu ilikuwa moja ya vituo vyake. Kipimo cha haraka, kile cha mistari, kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwaunda dhidi ya kirusi. Askari hao hubaki kwa miaka mingi. Majibu yote mawili ni ya kweli, kila kipimo kimeulizwa swali lake. Kuna hatari pia upande wa pili: kwa baadhi ya walioanza dawa mapema sana, kingamwili hupungua kiasi kwamba kipimo cha haraka kinaweza kutoa jibu hasi la uongo. Ndiyo maana mtu aliye kwenye dawa hatakiwi kupima upya kwa kipimo hicho ili ajue kama amepona.

Mtoto mchanga naye anaelezeka kwa namna hiyo. Kingamwili za mama humvukia mtoto tumboni na kukaa hadi miezi 18, hivyo mistari miwili kwa mtoto wa wiki sita haithibitishi kwamba ameambukizwa. Ndiyo sababu muuguzi anamchoma kisiginoni na kukausha matone ya damu kwenye karatasi: maabara itatafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Na aliyebakwa, au muuguzi aliyejichoma sindano, anaambiwa awahi ndani ya saa 72 kwa sababu dawa zinaweza kumwokoa kabla maambukizi hayajapata seli za kudumu za kujipachika. Baada ya hapo mlango umefungwa. Nadhani mtu akiuelewa mlango huo atakimbia kwenda hospitali usiku ule ule, hatasubiri Jumatatu.

Kuna jambo la unyanyapaa pia. Watu wanaosikia kwamba kirusi kinaingia kwenye DNA huuliza, kwa haki kabisa, kama basi kinarithiwa. Retrovirusi zinaweza kurithiwa, na ushahidi tunao miilini mwetu: takriban asilimia 8 ya DNA ya binadamu ni mabaki ya retrovirusi zilizoziingia seli za uzazi za mababu zetu mamilioni ya miaka iliyopita. Baadhi ya mabaki hayo yana kazi. Protini iitwayo sinsitini, inayounganisha seli za kondo la nyuma wakati wa ujauzito, ilitoka kwa kirusi cha namna hiyo. Lakini VVU hujipachika kwenye seli za kinga, na hakuna ushahidi kwamba vinapita kwa mtoto kupitia DNA ya yai au ya mbegu. Mtoto huambukizwa kwa damu na maji ya mwili, tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa maziwa, na dawa za mama huzuia njia zote hizo kwa kiasi kikubwa sana. Ukoo hauna VVU. Hilo lingesemwa wazi kwenye vikao vya posa, kuna vijana wengi wangeoana kwa amani.

Kuna retrovirusi nyingine ya binadamu ambayo karibu haizungumzwi kwetu, na inaonyesha upande wa pili wa kujipachika. HTLV-1 iligunduliwa mwaka 1980 katika maabara ya Robert Gallo, Marekani, baada ya madaktari wa Japani kuueleza mwaka 1977 ugonjwa wa saratani ya damu uliokuwa umejazana kusini mwa nchi yao. Inakadiriwa watu milioni 5 hadi 10 duniani wanaishi nayo. Tofauti na VVU, HTLV-1 haihangaiki sana kutoa mabilioni ya virusi. Ikishajipachika, huichochea seli yenyewe igawanyike, na kila mgawanyiko ni nakala mpya ya kirusi. Kwa kuwa seli hunakili DNA yake kwa uangalifu, kirusi hiki hakibadiliki sana, na dawa za kuzuia unukuzi wa kinyume hazikifikii. Wengi hawaugui kabisa. Takriban 5 kati ya 100 hupata saratani ya damu, tena miongo kadhaa baada ya kuambukizwa, na wengine wachache hupooza miguu taratibu.

Japani hawakusubiri dawa. Tangu mwaka 1987, mkoa wa Nagasaki umekuwa ukiwapima wajawazito na kuwashauri wenye kirusi wasinyonyeshe au wanyonyeshe kwa muda mfupi, na maambukizi kwa watoto yakashuka kutoka karibu asilimia 20 hadi asilimia 2.5. Huku kwetu, visa vya kupooza vinavyohusishwa na HTLV-1 viliripotiwa tangu miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 katika mkoa wa Équateur nchini Kongo, na katika visiwa vya Shelisheli. Pamoja na hayo, damu inayochangwa Tanzania hupimwa kwa kawaida VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. HTLV-1 haimo. Sisemi tuanze kesho kuipima kila chupa. Vipimo ni ghali na kuna mengi yanayosubiri fedha. Nasema tufanye utafiti wa kujua imeenea kiasi gani mikoa ya magharibi, ambako watu wamekuwa wakivuka ziwa kutoka Kongo kwa vizazi, kabla ya kuamua kwamba haituhusu.

Sasa turudi kwenye lile gamba linalosafiri zima hadi kwenye kiini. Lenacapavir, sindano ya mara mbili kwa mwaka, inalishika gamba hilo na kulivuruga kuanzia safari hadi kuundwa kwa virusi vipya. Katika jaribio lililofanyika Uganda na Afrika Kusini, hakuna hata msichana mmoja kati ya 2,134 waliochomwa sindano hiyo aliyepata VVU. Matokeo hayo yalitangazwa Juni 2024, na mwaka mmoja baadaye Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa kinga. Sijui kinga nyingine ya VVU iliyowahi kukaribia matokeo hayo. Wasichana wa Uganda walijitolea ili dunia ijue, na itakuwa dhuluma kubwa kama wenzao wa Kagera na Kisumu watakuwa wa mwisho kuipata.

Dhuluma hiyo si ya kufikirika. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha ghafla misaada yake ya nje, ukiwemo mpango wake wa UKIMWI uitwao PEPFAR uliokuwa umebeba sehemu kubwa ya huduma zetu, na kwa wiki kadhaa kliniki nyingi za Afrika hazikujua nani atalipwa na dawa zitatoka wapi. Wanasiasa wanapozungumzia pengo la miezi mitatu katika bajeti, wanaliona kama mradi wa barabara unaoweza kusimama na kuendelea. Seli zilizolala hazisimami. Wiki mbili hadi nne bila dawa zinatosha. Mwaka huo huo serikali ya Tanzania ilipeleka bungeni mapendekezo ya tozo mpya za kuchangia Mfuko wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Mimi naziunga mkono tozo hizo, ingawa najua zinauma, kwa sharti kwamba fedha zitakazotengwa kwa ajili ya dawa zisiguswe na kwamba mgonjwa thabiti apewe dawa za miezi sita mkononi badala ya mwezi mmoja mmoja.

Upande wa elimu gharama ni ndogo. WAVIU washauri, ambao ni wagonjwa wenyewe wanaowasaidia wenzao kliniki, wanaweza kufundishwa kwa siku moja kuchora seli, kiini na kipande kilichopachikwa, na kueleza TLD inazuia nini na haizuii nini. Mchoro huo ubandikwe kwenye kila chumba cha ushauri, kwa Kiswahili, wenye seli iliyolala ikionekana. Mgonjwa thabiti hupimwa wingi wa virusi mara moja kwa mwaka. Aelezwe siku hiyo hiyo anapopewa majibu kwamba virusi havionekani, kabla hajatoka mlangoni, maana ndiyo siku ambayo wazo la kuacha dawa huanza.